Tulivyokwenda Kukipima Kisiwa cha Migingo

Tangu nirudi, kila anayekuja kibandani kwangu anataka nimsimulie upya. Nikimaliza na mmoja anaingia mwingine, maandazi yanaungua, naanza tena. Kwa hivyo naandika mara moja tu. Someni, mcheke mkitaka, halafu mniache nipike. Mambo ya nauli na ya kumbembeleza mume wangu aniruhusu nimeyaruka, hayana utamu.

Migosi

Kwa asiyetujua, mimi ni Mama Nafula, nauza chai Migosi, mtaa wa Kisumu. Asubuhi, kabla watu hawajaenda kazini, benchi langu hujaa wanaume wanaokuja kusikiliza gazeti. Linanunuliwa moja, na msomaji ni Mzee Okelo, aliyekuwa karani bandarini kabla ya kustaafu. Anasoma kichwa cha habari, analikunja gazeti, anavua miwani, kisha anatueleza yale ambayo mwandishi hakuyaandika. Sukari ikipanda bei, maelezo yake yanaanzia kwa Waingereza. Mawaziri wakibadilishwa, anaturudisha siku reli ilipofika ziwani, na chai inapoa mikononi mwa watu.

Mtu wa kumpinga ni Fundi Were, mshonaji kutoka upande wa Busia, ambaye cherehani yake iko ubavuni mwa kibanda changu. Futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni hata kanisani. Hawa wawili wamebishana miaka mingi mpaka mmoja akiugua, mwingine hushinda amenuna kama aliyefiwa.

Asubuhi hiyo gazeti lilikuwa limeandika tena habari za Migingo, kile kisiwa ambacho sisi tunasema ni chetu na Waganda wanasema ni chao. Mzee Okelo akasema ni aibu nchi mbili kuchukiana kwa sababu ya jiwe. Kile kisiwa, akasema, mtu akipiga chafya upande huu, wa upande ule anamwambia pole. Fundi Were akacheka mpaka uzi ukakatika. Yeye amefika huko, akasema, alienda matanga zamani, na aliona mlima, mahindi na ng'ombe. Ni kikubwa kushinda Migosi yote.

Benchi likagawanyika. Watu wakaacha kwenda kazini. Mwisho ikakubaliwa kwamba wazee hao waende wakajionee, na atakayeshindwa anyamaze asubuhi zote mpaka Krismasi. Kwa watu wengine hiyo ni adhabu ndogo. Kwa hawa wawili ni kama kuambiwa wasipumue. Akahitajika shahidi, wakanichagua mimi kwa kuwa nimetoka Webuye na ziwa halinihusu. Nilikubali upesi. Sikuwaambia kwamba pamoja na miaka yote niliyokaa Kisumu, sijawahi kuketi ndani ya boti.

Migosi hadi Otonglo

Shemeji yake Fundi Were alikuwa na pikapu iliyokuwa ikienda Luanda Kotieno kuchukua omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi nilikaa mbele na dereva, wazee wakakaa nyuma juu ya magunia matupu, na kila tukipunguza mwendo nilisikia sauti zao.

Safari yetu kubwa ilikufa Otonglo, kabla hata hatujaisahau Kisumu. Tairi lilipasuka, na la akiba lilikuwa limepasuka siku nyingi. Dereva akachukua pikipiki kulipeleka kuzibwa, nasi tukabaki sokoni kando ya barabara.

Mzee Okelo hawezi kuona watu wamekusanyika bila kuwafundisha. Alisimama kati ya mafungu ya nyanya akaanza kuwaeleza wanawake wa pale historia ya mipaka. Aliwaambia kwamba zamani, kabla Waingereza hawajausogeza mpaka, upande huu wote pamoja na Kisumu ulihesabiwa kuwa Uganda. Fundi Were akakasirika kama ametukanwa yeye. Muuzaji mmoja, mama mnene mwenye kofia ya majani, alimsikiliza mzee mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole:

"Baba, unanunua nyanya ama unanifukuza Kenya?"

Mzee akanunua. Alinunua nyingi kuliko tulivyohitaji, na tulizila mpaka Mbita, ng'ambo ya feri.

Luanda Kotieno

Tulipofika kwenye feri tulikuta watu wamekaa chini wamechoka na foleni ya magari haisongi. Feri ilikuwepo, mlango wake umefunguliwa, lakini haiendi. Nilinunua chai. Siwezi kuisema vibaya chai ya mwenzangu, ila nilimwaga nusu nyuma ya lori.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu ucheleweshaji huo. Mmoja alisema mafuta yamekwisha. Mwingine alisema anasubiriwa mheshimiwa fulani. Mzee Okelo aliuliza maswali machache, akavua miwani, nikajua tumekwisha. Alieleza kwa kirefu kwamba upande huu wa nchi umeonewa katika usafiri tangu ukoloni, akapita serikali moja baada ya nyingine, na watu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Hata Fundi Were aliitikia, jambo nililoliona mara ile moja tu.

Mzee alipofika kwenye serikali ya sasa, mbele kukatokea kelele. Kumbe kulikuwa na fahali aliyekuwa akipelekwa matangani ng'ambo, naye alikuwa amekataa katakata kuingia kwenye feri. Amesimama mlangoni, miguu ya mbele ndani, ya nyuma nje, na wanaume wazima wanamsukuma matako. Hakuna serikali iliyohusika. Alipoamua mwenyewe kuingia, tuliondoka.

Katika feri

Nilishika chuma kwa mikono miwili nikafumba macho. Nilipoyafumbua tulikuwa katikati ya maji, jua limewaka, na sikuwa nimekufa, basi nikaanza kufurahia.

Mbele kukaonekana nchi kavu yenye kilima. Fundi Were akanyoosha kidole kwa ushindi, lakini abiria aliyekuwa karibu, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akamwambia hiyo ni Rusinga, na mtu huingia huko kwa daraja. Fundi hakujali. Baadaye kwa mbali kikatokea kisiwa kingine, kikubwa, kina mlima mrefu na wingu limekaa juu yake. Yule mama akasema hicho ni Mfangano.

Nilimwona Fundi Were akibadilika uso. Alikitazama kisiwa kile muda mrefu, akamuuliza mama jina la kanisa moja la huko, mama akalijua. Akauliza kama kuna njia inayopanda hivi na hivi kutoka gatini. Mama akasema ipo. Fundi akanivuta kando, mbali na Mzee Okelo aliyekuwa akiwaeleza wenye fahali historia ya ng'ombe.

"Mama Nafula," akasema polepole, "ile matanga yangu ilikuwa hapo."

"Mfangano?"

"Hapo. Mimi nimekuwa nikipigania kisiwa ingine."

Miaka yote ile aliamini alifika Migingo. Nilijiuma mdomo nisicheke, maana macho yake yalikuwa ya mtu aliyeibiwa. Aliniomba nisimwambie Mzee. Labda na hiyo Migingo ni kubwa, akasema, nani ajuaye? Kama shahidi nilijua ninachopaswa kufanya. Lakini sketi yangu ya kanisani ilikuwa imeachia pindo, naye ni fundi, tukaelewana.

Mbita hadi Sori

Mbita tulilala, tukala ngege, samaki wa ziwani, aliyekaangwa akarudi kwenye mchuzi, na asubuhi tukapata gari dogo la kwenda Sori, kule boti za Migingo zinakotokea. Barabara inazunguka vilima, ziwa linakuja na kupotea.

Dereva alikuwa kijana mchangamfu. Alituuliza tunaenda Sori kufanya nini, watu wa umri wetu. Mzee Okelo, ambaye hajawahi kujibu swali kwa maneno madogo, akasema kwa sauti ya ofisini:

"Tunaenda kupima."

Dereva akamtazama Fundi Were kwenye kioo, akaiona ile futi shingoni. Hakuuliza tena. Tuliposimama kuongeza maji kwenye injini alienda nyuma ya gari akapiga simu ndefu. Mimi nilidhani anaongea na msichana.

Sori

Tulishuka tuna njaa. Hoteli ya kwanza ilikuwa inanukia samaki mpaka barabarani, sufuria zinalia, lakini mhudumu akatuambia chakula kimekwisha. Ya pili pia kimekwisha. Ya tatu walitufungia mlango kabla hatujasalimia. Tukanunua mkate mkavu tukaumeza kwa soda, tumekaa juu ya boti iliyopinduliwa, na watu wanatutazama kwa mbali. Mzee Okelo akasema huenda kuna ugonjwa mjini.

Baadaye wakaja wanawake, wale wanaoanika omena ufuoni, wakasimama mbele yetu kama kwaya isiyotaka kuimba. Kiongozi wao alikuwa mrefu, mwenye mikono iliyojaa magamba ya samaki. Nilikuja kumjua kwa jina la Mama Akoth. Wazee hakuwaangalia kabisa, alinijia mimi.

"Mama, wewe ni mwanamke kama sisi," akasema. "Tuambie ukweli. Mnachukua wapi mpaka wapi?"

Mimi nilidhani anauliza kuhusu malazi. Nikamwambia hatuhitaji pakubwa, mahali pa kuweka vichwa tu.

"Na sisi tutaenda wapi?"

Nikamjibu kwamba si lazima wahame, tunaweza kubanana. Minong'ono ikapita nyuma yake, na mwanamke mmoja mzee akakaa chini mchangani akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Alifuta tu macho kwa ncha ya leso, mara nyingi. Hapo nikaona kuna mahali hatukuelewana.

Nilimshika mkono Mama Akoth nikamwomba anieleze kama mtu asiyejua lolote. Akaeleza. Wakati fulani walikuja watu wasiowajua, na vigingi na kamba, wakasema wanapima tu. Baada ya hapo ikasikika kwamba ufuo una mwenyewe, tajiri fulani wa mbali, na atajenga hoteli. Hajaja mpaka leo. Lakini kila gari geni likifika, wanawake hawa hawalali. Hapo mchangani ndipo wanapoanika, ndiyo karo ya watoto, ndiyo kila kitu. Na leo wamepigiwa simu kwamba wapimaji wako njiani, wazee wawili na mama yao mkubwa. Huyo mama mkubwa ni mimi.

Sijui nyinyi mngefanya nini. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Kule Migosi tunavisema visiwa na mipaka kama watu wanaocheza drafti, na hapa neno moja la mzee wangu limemkalisha mtu chini analia. Nilimwambia kila kitu: benchi, gazeti, ubishi, adhabu ya kunyamaza. Niliona haamini. Nani angeamini? Watu wazima kutoka Kisumu, kwa feri, kuja kuangalia ukubwa wa jiwe.

Aliyetuokoa ni Fundi Were. Alisimama, akaivua futi shingoni, akamwendea Mama Akoth akamwomba ainue mikono. Kwa mshangao mama akainua. Fundi akampima kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, anataja kwa sauti kama kawaida yake, kisha akamwambia kwamba gauni alilovaa lilishonwa na mtu asiyempenda, kwapa linambana na mgongoni kuna nafasi ya mtu mwingine.

Yule bibi aliyekuwa akilia akacheka kwanza, na wengine wote wakafuata. Mpima ardhi hawezi kujua habari za kwapa. Wakaanza kujipanga ili nao wapimwe. Kumbe kwaya yao ilikuwa ikitafuta fundi wa sare kwa muda mrefu, na jioni hiyo Fundi Were alipata kazi nyingi kuliko alizopata Migosi tangu Pasaka. Chakula kilichokuwa kimekwisha kikarudi, samaki mbuta, ugali wa mtama, mboga za mitoo zilizowekwa maziwa.

Mzee Okelo hakula sana. Alipomaliza alimwendea yule bibi aliyelia, akazungumza naye kwa Kidholuo, kwa sauti ya chini. Sikusikia yote. Nilisikia anaomba msamaha, na hilo ni jambo ambalo gazeti halijawahi kumfanya alifanye.

Mwambani

Asubuhi nahodha wa boti ya Migingo alituangalia mmoja mmoja, akaiona futi, akasema hiyo kitu ibaki.

"Huko ukitoa futi, mtu atauliza umetumwa na nani," akasema. "Wakenya watauliza, Waganda watauliza. Mimi nitarudi na boti tupu."

Futi ikabaki kwa Mama Akoth. Fundi Were alikuwa akijigusa shingo njia nzima kama aliyenyolewa.

Kuhusu maji sitasema mengi. Tuliondoka ziwa limelala, katikati likaamka, na nilitubu dhambi nyingi, nyingine si zangu. Kisha nahodha akaonyesha mbele. Kulikuwa na vitu viwili majini. Kimoja kilikuwa kikubwa kiasi, kina kijani, na hakuna nyumba. Fundi akapata matumaini, uso ukang'aa. Nahodha akasema hapana, hicho hakikaliwi na watu, Migingo ni hiyo ya pembeni.

Mimi nilidhani ni meli iliyopakia mabati. Mabati yamepandana kutoka maji hadi kilele, hakuna mti, hakuna udongo unaoonekana, na moshi unatoka katikati. Fundi Were alikitazama, akanitazama mimi, akainamisha kichwa. Mabega ya Mzee Okelo yalikuwa yanacheka.

Askari waliokuwepo gatini walitusalimia, wakauliza shughuli yetu. Safari hii nilijibu mimi, kabla Mzee hajafungua mdomo. Nikasema tumekuja kutembea. Wakashangaa, wakasema hapa hakuna pa kutembea, lakini karibuni.

Ni kweli hakuna. Tulipita kati ya vyumba vya mabati, kwenye vichochoro ambavyo mtu mnene lazima apite kwa ubavu. Kuna duka, kuna kinyozi, kuna saluni, kuna mahali pa kunywea. Mzee Okelo alianza kutusimulia habari za mpaka uliochorwa majini, na kabla hajafika kwenye kiini cha hadithi tulikuwa tumetokea upande wa pili na maji yako mbele ya viatu vyetu.

Tukaingia mahali pa chai. Palikuwa na redio, na wavuvi waliorudi kutoka majini, wengine wakiongea Kidholuo, wengine Kiganda, na wote Kiswahili cha kukatakata. Mzee alifurahi kama amefika nyumbani. Habari zilipoisha alivua miwani, akawauliza wote kwa pamoja: kisiwa hiki, kwa maoni yenu nyinyi mnaokaa hapa, ni cha nani?

Redio iliendelea. Mwenye kibanda, mwanamume wa makamo aliyekuwa akipanga vikombe, akaja akaketi kando ya Mzee.

"Baba, hiyo mambo hapa hatuongeleangi," akamwambia. "Huko kwenu mkibishana, kila mtu ataenda kwake anune. Hapa mimi nikinuna, nitanunia wapi? Ukuta wa jirani ndio ukuta yangu."

Akamwongezea chai, akaenda zake. Mzee Okelo aliirudisha miwani usoni. Alikunywa ile chai yote. Fundi Were naye alikunywa yake. Walikuwa wameketi bega kwa bega, maana hapakuwa na nafasi ya kukaa vingine, na kurudi Sori hawakubishana hata kuhusu mawimbi.

Kurudi, na asubuhi zilizofuata

Njia ya kurudi ilikwenda vizuri kiasi kwamba haina hadithi. Tulichukua futi, vitambaa vya kwaya, na gunia la omena nililopewa na Mama Akoth, ambalo limenifanya nipendwe na paka wote wa Migosi.

Benchi lilitungoja. Fundi Were, nitamsifu kwa hili, alisimama mwenyewe akasema ameshindwa, akakaa kwenye cherehani na kunyamaza. Asubuhi hiyo Mzee Okelo alisoma gazeti lote. Hakuna aliyempinga. Alisema jambo moja la uongo wa wazi kuhusu bei ya mafuta, akangoja, akatazama upande wa cherehani. Cherehani ikaendelea kulia. Alimaliza mapema, akaacha chai yake nusu. Siku ya pili watu walikuwa wachache. Siku ya tatu Mzee hakuvua hata miwani.

Siku iliyofuata gazeti likaandika tena habari za kisiwa. Watu wakamgeukia Mzee Okelo awaeleze, maana sasa amefika. Akalikunja gazeti polepole. Akasema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, kwamba kwa kweli alikuwa amekosea. Kisiwa kile ni kikubwa. Kina mlima. Alihesabu ng'ombe akachoka.

Cherehani ikasimama. Nilimwona Fundi Were ameuma uzi, shingo imemvimba, macho yanamtoka. Mzee akaongeza habari za mahindi. Akasema mahindi ya huko ni marefu kuliko ya Kitale.

"Mzee, wacha kudanganya watu," Fundi akalipuka. "Ni jiwe tu. Jiwe! Tuliimaliza kabla wewe umalize sentensi."

Tangu hapo hawajanyamaza. Mzee anashikilia kisiwa ni kikubwa, Fundi anaapa ni kidogo, benchi limegawanyika upya, na watu wanachelewa kazini kama zamani. Jana wote wawili walinigeukia mimi, shahidi, niseme mbele ya watu nilichokiona.

Nikawaambia mawimbi yalikuwa makali, nilifumba macho.